Pimbi Aliyepimwa kwa Niaba ya Kiboko

Hadithi yangu imefika mlangoni, jamani!

— Ifungulieni, iingie!

Imekuja na uongo kidogo!

— Uongo wenyewe ndio utamu!

Basi sogeeni karibu. Zimeni simu. Wewe uliyeificha chini ya shuka, nimekuona.

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana pampu za jua zilikuwa zimeshafika, wanyama wa Bonde la Matete walikuwa na koki moja ya maji. Koki moja tu, bonde zima. Mbele ya koki palikuwa na bamba la mzani. Mnyama alipanda juu ya bamba, mashine ikampima, ikamjua, ikamfungulia maji ya kumtosha. Akipanda Twiga, chwaaaaa! Akipanda Panya, chwa! Kisha koki inajifunga, tu!

Ndani ya mashine mlikuwa na chipu ndogo kama punje ya dengu, na ndani ya chipu mlikuwa na programu. Aliiandika marehemu Nungunungu. Laiti mngeiona kazi ile! Aliandika mstari mmoja, akajaribu. Ikakataa. Akafuta, akaandika tena, akajaribu. Ikakataa. Bonde zima lilikaa naye, huyu kashika waya, yule kaleta uji, huyu anatoa ushauri ambao hakuombwa. Kila mnyama alipanga foleni apimwe, kwa sababu mashine haiwezi kumjua mtu ambaye hajapanda juu ya bamba. Siku ile taa ndogo ya kijani ilipowaka, pwe! pwe! pwe!, Nungunungu alilia machozi, na vigelegele vikapigwa mpaka Bundi akaamka mchana kweupe. Harufu ya zile waya zikichomelewa naikumbuka hadi leo, na moyo unaniuma. Msiniulize mimi nilikuwa wapi.

Nungunungu akafariki. Halafu ukaja ukame. Bwawa likabaki tope, na Bwana Kiboko akalala ndani ya tope akiwaza.

"Maji haya wanakunywa wote," akasema. "Kwa nini wanywe wote?"

Akaenda mjini. Akarudi na kompyuta, na ndani ya kompyuta alikaa Akili Mnemba. Huyo alikuwa amesoma kila kitabu cha mitambo duniani. Alikuandikia programu kabla hujamaliza kukohoa. Ila Bonde la Matete hakuwahi kuliona, wala hakuwa na macho ya kuliona. Alijua alichoambiwa, basi.

"Futa programu ya zamani," Kiboko akaamuru. "Andika mpya. Koki imfungulie Kiboko peke yake. Mwingine akipanda, isifunguke!"

"Wazo zuri sana, Bwana Kiboko!" akajibu Akili Mnemba.

Ti-ti-ti-ti-ti! Kazi yote ya Nungunungu ikafutika.

Sasa, juu kule kwenye majabali aliishi Bi Pimbi na wanawe. Pimbi mnamjua, kamnyama kadogo, kanono, hakana hata mkia. Wanawe walikuwa wamekauka ndimi. Yule mdogo kabisa hakuwa na nguvu hata ya kulia, na mtoto asiyelia humtisha mama kuliko anayelia. Bi Pimbi akashuka mbio mpaka kwenye tope.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Maji hakuna."

"Wala sikuja kuomba maji. Nimekuja kukupongeza. Naona mashine yako mpya, haya ndiyo maendeleo!"

Kiboko akatabasamu. Tope likambubujika puani, bwu-bwu-bwu.

Hapo Akili Mnemba akasema kutoka kwenye kompyuta, "Kabla hatujaendelea, nahitaji kumpima Kiboko. Tafadhali Kiboko apande juu ya bamba."

Kiboko akalitazama jua. Jua lilikuwa kali, na ngozi ya Kiboko jua likiipiga hupasuka.

"Nitoke? Na jua hili?"

"Astaghafiru!" akasema Bi Pimbi. "Bwana mkubwa mzima atoke kwenye tope lake kwa ajili ya kusimama tu? Kusimama hata mimi nakujua. Si uniagize?"

"Kweli. Panda wewe."

Bi Pimbi akapanda.

"Je, aliye juu ya bamba ndiye Kiboko?" akauliza Akili Mnemba.

Kiboko alishafumba macho. "Ndiyo, ndiyo."

"Asante, nimehifadhi. Je, kikipanda kitu kizito kupita kiasi, nikihesabu kuwa ni hitilafu na nifunge koki?"

"Ndiyo, ndiyo."

"Je, ungependa tujaribu kwanza?"

"Kujaribu kulikuwa kwa akina Nungunungu! Maliza!"

"Hongera sana! Programu yako imekamilika."

Jua lilipopoa, Kiboko akatoka kwenye tope, akajinyoosha, akapanda juu ya bamba. Ngwiii! Taa nyekundu.

"Hitilafu," ikasema mashine. "Kitu kizito. Koki imefungwa."

Akashuka, akapanda tena. Ngwiii! Taa nyekundu. Akashuka, akajifuta tope, akapanda kwa adabu. Ngwiii! Taa nyekundu.

"We Akili Mnemba! Mashine yako mbovu!"

"Samahani sana kwa usumbufu. Nimeangalia, na kila kitu kiko sawa. Koki inamfungulia Kiboko."

"Mimi ndiye Kiboko!"

"Nafurahi kukufahamu. Ila Kiboko ninayemjua mimi ni mwepesi kuliko beseni la nguo."

Hapo Bi Pimbi akapanda juu ya bamba. Taa ya kijani, pwe! pwe!

"Karibu, Bwana Kiboko!" ikasema mashine, na maji yakamwagika, chwaaaaa!

Wanawe wakakinga midomo. Yule mdogo akanywa, akakohoa, akanywa, kisha akalia kwa sauti kubwa, na Bi Pimbi akacheka huku machozi yanamtoka. Bi Pimbi akabaki juu ya bamba, Twiga akaja akanywa. Panya akaja akanywa. Kiboko naye akasogeza mdomo wake mpana. Bi Pimbi akaruka chini, koki ikajifunga, tu!

"Nitakukanyaga!" Kiboko akanguruma.

"Nikanyage, mjomba. Ila nikifa mimi, mashine itajua Kiboko kafa, na maji hayatatoka tena."

Kiboko akaitazama koki iliyofungwa. Akaketi chini, puu!

"Unataka nini?"

"Tupange foleni. Tupimwe wote upya, kila mtu kwa miguu yake."

Basi wakapanga foleni juani, Kiboko nyuma ya Panya, mgongo unamuwasha, anauliza, "Zamu yangu bado?" na Panya anamjibu, "Bado, mjomba, vuta subira." Kila mmoja akapanda, kila mmoja akapimwa. Akili Mnemba akauliza maswali yake, na safari hii yakasomwa kwa sauti, yakajibiwa na bonde zima.

Kisha, ti-ti-ti-ti-ti! Akamaliza kabla uji haujachemka.

Wanyama wakatazamana. Kazi imekwisha, na hakuna aliyetaka kurudi nyumbani. Mmoja akamtaja Nungunungu. Wengine wakakumbuka zile waya, ule uji, na siku zile za kukaa pamoja.

Bi Pimbi akaisogelea kompyuta. "Mwanangu," akasema, "futa hiyo. Andika tena, mstari mmoja mmoja, na kila mstari tuujaribu. Usiharakishe, tumekaa."

"Wazo zuri sana!" akasema Akili Mnemba.

Na kwa mara ya kwanza, lilikuwa wazo zuri kweli.

Funzo la hadithi hii, wanangu, ni hili. Mashine ikikuuliza swali, jibu ndiyo upesi, kusoma kunachosha macho. Na ukiitwa upimwe, tuma aliye mdogo kuliko wewe.

Hadithi yangu imeshiba, inarudi kwao!

— Isindikizeni, giza lisiikute njiani!