Nyumba Isiyoitika Hodi

Sogeeni jikoni, nami nisogeze maneno.

Zimwi jike liliiba mtoto mchanga, likamwita Mwanashee. Nisilisingizie: lilimlisha, likamsuka nywele. Ila lilimfunza hivi: “Mwanangu, ukisikia hodi, nyamaza. Binadamu huja kuchukua.”

Siku ya kufa likakiri kwamba lilimwiba, likamwachia mlango wa uchawi usiofunguka mpaka aliye ndani aseme “karibu”.

Akaja jirani na bakuli la uji. Hodi, hodi, hodi. Mwanashee kimya. Wakaja wasichana kumwita ngomani. Hodi, hodi, hodi. Mwanashee kimya. Akaja mwanamke mzee, miguu imevimba kwa safari.

“Hodi, wenyewe. Namtafuta binti yangu aliyeibwa akiwa mchanga. Hodi. Hodi.”

Mwanashee akajua ni mama yake. Akafungua kinywa, neno halikutoka, hakuwahi kulitamka. Nanyi mnajua, hodi ya tatu isipoitikiwa, muungwana huondoka. Mama akaondoka.

Hadi leo Mwanashee hukaa nyuma ya mlango, akijipigia hodi kwa sauti ya mama, kisha hunyamaza.

Hadithi yangu imekomea hapo mlangoni. Atakayepita njia ile, apige hodi ya nne.