Kasimiri na Kigari Kilichorukaruka

Masika yakiisha, barabara za mitaa ya Chamazi hubaki na mashimo ya kumeza ndoo. Kasimiri aliyajua mashimo hayo kama ulimi unavyoyajua mapengo. Mkewe, Editha, alikata roho ndani ya gari lililonasa kwenye tope wakimkimbiza hospitali, na tangu siku hiyo mzee huyo akawa na donda ndugu moyoni. Kila baya lililomfika aliwatupia wakubwa: mwenyekiti, diwani, mhandisi. Na kusema kweli, wakubwa hawakuwa na la kujitetea.

Kwa kiinua mgongo alichopata kiwandani Chang'ombe, alinunua kigari cha umeme kilichokwisha kutumika. Kilikwenda kimya kama paka anyatiaye panya. Siku hizi, hata hivyo, kimya hicho kilivunjwa na mgongano wa chuma nyuma, na kila kilipovuka tuta kiliendelea kurukaruka kama mbuzi aliyekata kamba.

Aliyeteseka zaidi ni Demetria, binti yake wa pekee, mjamzito wa miezi saba, aliyekuwa akiishi naye wakati mumewe yuko kazini Geita.

"Baba, nesi kasema mgongo unaniuma kwa kutikiswa," alisema wakitoka kliniki. "Bora nikajifungulie Sinza kwa mama mkwe. Kule hospitali naenda kwa miguu."

Maneno hayo yalimwingia Kasimiri kama msumari wa moto juu ya donda. Nyumba isiyo na Editha alikuwa ameizoea kwa taabu. Nyumba isiyo na mtu kabisa hakuthubutu hata kuiwaza.

"Si gari, mwanangu. Ni barabara. Hawa waheshimiwa wanakula tu, wanatuachia mashimo."

Kwenye mkutano wa mtaa alinguruma kama simba. "Nyie mnapita huku vioo vimefungwa. Mtajuaje tunavyorushwa sie?" Watu wakampigia makofi. Ajabu ni kwamba safari hii wakubwa walisikia: greda likaja, likachonga barabara ikawa tambarare kama sinia. Majirani wakambandika jina, Mzee Greda.

Siku ya kliniki ilipofika, kigari kilipita juu ya sinia hilo kikirukaruka vilevile.

"Wamechonga vibaya," alisema Kasimiri. "Kazi ya serikali hiyo."

Demetria alinyoosha kidole kwenye bajaji iliyokuwa mbele yao. "Baba, yule dada anapaka wanja, na bajaji inakwenda."

Jioni ile Demetria alianza kukunja nguo za mtoto na kuzipanga begini.

Asubuhi yake waliondoka na begi likiwa kwenye buti, maana safari ilikuwa ya Sinza. Lakini kwanza Kasimiri alikata kona kuelekea Chang'ombe, kwenye gereji ya Baqir.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Barabara zimeniulia gari."

Baqir aliegemea kona ya nyuma ya kigari, akaibonyeza kwa nguvu, akaachia. Kikapanda, kikashuka, kikapanda tena, kikashuka.

"Gari zima likibonyezwa hivi hupanda mara moja likatulia," alisema. "Hili linacheza singeli."

Alilinyanyua kwa jeki, akijihadhari isiguse betri iliyotandazwa tumboni, kisha akang'oa magurudumu. Shokapu zote mbili za nyuma zilikuwa zimelowa oili, vumbi limegandamana juu yake.

"Zimekufa. Springi kazi yake kurusha, shokapu ndiyo huituliza. Hapa mtulizaji hayupo." Akaingiza kidole katikati ya springi, akagusa vipande vyeusi. "Na hizi raba nani kaziweka, mzee wangu? Zimelinyanyua gari, shokapu zikabaki zimevutika muda wote. Kila tuta zinagonga mwisho. Hata ungepita kwenye lami ya uwanja wa ndege, zingekufa tu."

Kasimiri alifungua kinywa. Jina la fundi mmoja wa Temeke lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Demetria, aliyemshikia mzee tochi siku alipokata tairi kuukuu na kuzisokomeza raba hizo ili betri isigongwe na mawe, aligeuza uso akatazama ukuta. Hakutaka kumwaibisha baba yake. Wala hakutaka kumsaidia.

"Mie," alisema mzee hatimaye. "Nilizikata mwenyewe."

"Basi tunazitoa," alisema Baqir, kama mtu aliyeulizwa saa.

Mzee alitaka ibadilishwe shokapu moja tu, iliyovuja zaidi. Baqir akakataa: shokapu hubadilishwa kwa jozi, la sivyo gari huchechemea, na ziwe za gari la umeme hasa, kwa kuwa betri ni mzigo. Bolti za mwisho hakuzikaza mpaka kigari kiliposimama chini kwa uzito wake.

Tuta la kwanza, kigari kilipanda, kikatulia. La pili hivyohivyo. Njia panda ilipofika, Kasimiri aliwasha taa ya kuelekea Sinza. Hakumbembeleza binti yake.

"Geuza, baba," alisema Demetria. "Nina hamu ya ukoko, na ukweni mtu haombi ukoko."

Kasimiri akageuza. Wakubwa wana madhambi yao juu ya barabara za Chamazi, na siku yao ipo; lakini raba zile hazikuwekwa na mkubwa yeyote. Hakika, mbaazi ukikosa maua husingizia jua.