Kwa Nini Shairi Lina Vina, Mizani na Kibwagizo

Zamani, wanangu, mashairi hayakuwa na vina wala mizani. Mtu alisema kwa kadiri ya pumzi zake, na maneno yakatumwa mji hadi mji kwa vinywa vya wapita njia. Na kinywa cha mpita njia hakikosi cha kuongeza.

Ndivyo Mize, msuka mikeka, alivyompoteza kaka yake Faki. Alimtumia salamu za heri; zikamfikia zimekwisha kuwa matusi. Faki akahamia mji wa mbali, akaapa harudi. Sasa mama yao alikuwa mahututi, na kila kukicha aliuliza, "Faki hajafika?" Mize alikuwa na uchungu usiosemeka. Amtume nani, na kila mjumbe ana ulimi wake?

Akaendelea kusuka, maana mkeka wa watu haungoji. Katika ukili, ule utepe unaosukwa kuwa mkeka, chane moja ya jani ikizidi upana, kazi yote huvimba na kila mtu huona. Mize akaamua kuyasuka na maneno vivyo hivyo. Akayapima, kila mstari mapigo manane, na miisho akaifananisha:

Faki, mwana wa nyumbani,
Chuki itoe moyoni,
Mama hoi kitandani,
Rudi, mlango u wazi.

Akatunga ubeti wa pili na wa tatu, zote akizifunga kwa mstari uleule wa mwisho, kwa kuwa hilo ndilo neno asilotaka lipotee.

Mjumbe wake alikuwa Makame, mtu mwema, ila hajui kupita na neno bila kulipamba. Alipofika akatamka yote, na katikati akapachika lake: "Na usipokuja, mimi na wewe hatuzikani tena!"

Faki aliinuka kwa hasira. Kisha akakaa. "Hebu rudia, bwana."

Makame akarudia.

"Hili la kutozikana umelitoa wapi? Mengine yote yanakwenda pamoja. Hili limevimba, na mwisho wake haufanani na wenzake."

Makame akatazama chini. "Nimetia chumvi kidogo tu, ndugu yangu. Nilidhani bila hiyo hutakuja."

Faki alifunga safari saa ileile. Alimkuta mama yake yu hai, naye akamtambua. Mama alipofariki, Faki ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea.

Na tangu siku hiyo, mshairi hupima mizani na kulinganisha vina, ili neno la mpita njia likiingia lijulikane. Na kibwagizo hurudi kila ubeti, kwani mtu aweza kusahau yote aliyoambiwa, akabaki na hilo moja tu la kumrudisha kwao.