Waliotolewa Kwenye Hesabu

Kaeni, wapendwa. Leo nina habari ya daktari mmoja. Msianze kunong'onezana ni wa hospitali gani, maana nimemtunga mwenyewe. Mkiona anafanana na mtu mnayemjua, hilo nawaachia.

Daktari huyu alikuwa katika hospitali ya milimani, kwenye mashamba ya chai, ambako kila njia ni kupanda au kushuka. Hospitali ilipokea vidonge vipya vya presha, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuvichunguza: awape wagonjwa, awapime kila mwezi, halafu aseme kama vinafaa. Aliifanya kwa moyo. Waliokuwa wakirudi kupimwa, presha zao zilishuka vizuri kabisa. Akafurahi, mganga mkuu akafurahi, ikaanza kusemwa kwamba vidonge vile vipelekwe zahanati zote za wilaya.

Kwanza wakampeleka chuoni mjini akajifunze takwimu za utafiti wa tiba, ili ripoti yake isimame mbele za watu. Mwalimu wao alikuwa mama mmoja mpole, na alitaka kila mwanafunzi aeleze utafiti wake mbele ya wenzake. Daktari akaeleza, akapigiwa makofi. Mwalimu akamwuliza walioanza kumeza dawa walikuwa wangapi. Akataja. Na waliofika mwisho? Akataja. Karibu nusu ya watu hawakuwemo.

"Hawa wengine wako wapi?" mwalimu akauliza.

"Hao niliwatoa kwenye hesabu, mwalimu. Hawakurudi kliniki. Ni wakaidi tu, watu wa vijijini unawajua."

"Nani alikwambia ni wakaidi?"

Basi mwalimu akawafundisha darasa zima kwamba mgonjwa akishaanza dawa yako ni wako mpaka mwisho, arudi asirudi. Asiyerudi huenda ndiye aliyedhuriwa na dawa yenyewe. Ukihesabu waliorudi peke yao, alisema, hata sumu itaonekana ni tiba, maana wale iliowaua hawaji kupimwa.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Mtihani ulipofika, swali likatoka lilelile. Daktari akajibu ukurasa baada ya ukurasa, namna ya kuwafuatilia wasiorudi, namna ya kuwahesabu, hatari ya kuwaacha. Akawapita wote darasani. Akarudi milimani na cheti chake. Mnadhani alikwenda kumtafuta hata mmoja? Hakwenda. Mganga mkuu alimwambia wageni kutoka makao makuu wanakaribia, na kuzunguka vilimani kutafuta watu kutachelewesha mambo. Akakubali. Angekuwa hajui tungemsamehe. Huyu alijua. Alichokijua alikitia kwenye fremu, akakitundika ukutani.

Asubuhi moja akaingia ofisini mwake mwanamume wa makamo, mchuma chai, ana vidonge amevifunga kwenye kipande cha kitambaa.

"Dokta, hivi ni vya mke wangu," akasema. "Hawezi kuja tena. Nikaona nivirudishe, wapewe wengine wenye shida."

Daktari akamwuliza mke wake ana nini. Yule bwana akaeleza kwamba tangu aanze kumeza vile vidonge, kila akisimama kichwa kilikuwa kinazunguka. Wao walidhani ni ugonjwa umezidi, kwa hiyo akazidi kumeza. Siku moja alikuwa chemchemini, ndoo kichwani, akaanguka kwenye mawe akavunjika nyonga. Sasa anajikokota kwa makalio mpaka mlangoni, huko ndiko kutembea kwake.

Daktari akamwuliza, tena kwa sauti ya kugomba, kwa nini hawakuja kusema mapema.

"Tulikuja, dokta. Tulikuja kizunguzungu kilipoanza, kabla hajaanguka. Mvua ilikuwa imekata njia, tukachelewa siku moja. Dirishani wakatuambia tarehe imepita na jina lake limeshatolewa. Tukarudi nyumbani."

Mnasikia, ndugu zangu? Mkaidi alikuja. Alipanda mlima na kizunguzungu chake, akagonga dirisha, akarudishwa. Na aliyeagiza majina yatolewe hakuwa karani wa dirishani. Ni daktari mwenyewe, ambaye sasa alikuwa amekaa pale akiwa na vidonge mkononi, hawezi kumtazama yule mume usoni.

Ndipo akaenda. Alipanda vilima nyumba kwa nyumba. Wengine aliwakuta wamehama, wengine walichoshwa na safari tu, hayo lazima niyaseme. Lakini katika nyumba nyingi alikuta habari ileile ya kizunguzungu na kuanguka. Mzee mmoja alikuwa ameangukia moto wa jikoni, mkono umekauka. Mahali pengine walimwonyesha kaburi, na hakuna aliyeweza kusema kama ni dawa au ni siku zake tu, kwa sababu wakati wa kuuliza ulipokuwepo hakuna aliyeuliza. Daktari akarudi akawaambia wakubwa wake ukweli wote, na vidonge vikasimamishwa kabla havijafika zahanati nyingine. Lakini yule mama hakutembea tena.

Naona mnatikisa vichwa. Mnamkasirikia daktari. Hata mimi. Lakini hasira hiyo msiimalize yote kwake, ibakizeni kidogo ya hapa ndani.

Jumapili iliyopita tulikuwa na shuhuda. Walioponywa walisimama hapa mbele, wakapewa kipaza sauti, tukapiga vigelegele. Na mimi, mchungaji wenu, nikatangaza kwamba watu walioombewa kanisani hapa wanapona. Wapi? Nani aliwahesabu wote? Mama Ambakisye tuliyemwekea mikono mwaka jana na uvimbe wake, nani kati yetu amemwona? Yule kijana wa kifafa je? Hawapo. Na sisi tunalo neno letu la kuwatolea kwenye hesabu. Tunasema, "Hana imani." Tumemsema hivyo mtu ambaye huenda alikuja akiwa na imani yote aliyokuwa nayo, akaondoka bado anaumwa, akaona aibu kukaa katikati ya vigelegele vyetu.

Tunafanya hivyo ili Mungu aonekane mkuu. Nani alituambia Mungu anahitaji tumpunguzie watu ili awe mkuu? Mnafikiri ataonekana mdogo tukimtaja mgonjwa ambaye bado ni mgonjwa? Ni sisi tunaoonekana wadogo, ndiyo maana tunawaficha.

Na tunajua. Tumefundishwa humu humu kuwatembelea wagonjwa. Watoto wa kipaimara wanajibu swali hilo bila kukosea.

Leo hakuna shuhuda. Hakuna mahubiri mengine baada ya haya. Wazee wa kanisa wako mlangoni, watawaambia kila jumuiya inakwenda nyumba gani. Mkifika, msianze na maombi marefu ili mpate kuondoka. Ulizeni hali, mkae. Mgonjwa akikwambia bado anaumwa, usimsahihishe. Akikwambia ametukasirikia, usitutetee.

Simameni, twende.