Lebo za Mama Viraka

Wahenga walimchagua mhunzi, wakampa koleo, kisha wakamvunjia. Koleo ni mkono wa pili wa mhunzi. Bila hilo, chuma cha moto hakishikiki. Basi lilipovunjika, kila mtu alitarajia mhunzi azime moto wake akalale. Wahenga wakakataa. Walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, maana chombo kikiharibika, kazi haijafa maadamu mwenye kazi yupo na nia yake i hai. Maneno haya ni matamu ukiwa umekaa kivulini na chombo chako kizima. Kuyaishi ni jambo jingine, na hilo ndilo lililomfika Mama Viraka na binti yake.

Mama Viraka alikuwa mshonaji wa mifarishi, yale matandiko mazito yanayoungwa kwa vipande vya nguo za rangi mbalimbali, kutiwa pamba katikati na kupigwa sindano kutoka juu hadi chini. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya nyumba. Kilikuwa na meza ndefu, cherehani ya kukanyaga, kabati lisilofunga vizuri na kapu kubwa chini ya dirisha. Kapu hilo ndilo lililompa jina, kwa kuwa ndani yake aliweka kila kilichobaki: ncha za mikono ya mashati, mifuko ya suruali zilizochoka, vifungo visivyo na wenzake. Watu wa nyumbani walipomcheka, aliwajibu vilevile kila mara.

"Akiba haiozi. Kitapata kazi yake."

Kwa miaka mingi mifarishi yake iliuzwa katika duka moja kubwa la mjini. Siku moja alipeleka mzigo mpya, binti yake akiwa pamoja naye. Mteja mmoja alikuwa akiupapasa mfarishi wa bluu, akauliza nani aliyeushona. Mwuzaji alijibu bila kupepesa macho, "Ni kazi ya duka letu." Mama Viraka alisikia, akatazama chini. Jioni hiyo hakugusa sindano. Binti yake aliumia zaidi ya mama mwenyewe, na maneno yale yakamkaa rohoni kama mwiba.

Binti huyo mtaa mzima ulimwita Chapuchapu. Alikuwa mwerevu na mwenye mapenzi makubwa kwa mama yake, ila subira hakubahatika kupewa. Angeweza kukiipua chungu jikoni kikiwa bado kinachemka na kudai chakula kimeiva kwa sababu yeye ana njaa.

Ndipo yakatangazwa maonyesho ya kazi za mikono. Duka lile ndilo lililoyadhamini, na sharti lilikuwa wazi: kila kazi iwe na lebo iliyoshonewa, yenye jina la aliyeitengeneza. Isiyo na lebo ingetundikwa kwa jina la duka. Mama Viraka aliposikia, alivitazama vidole vyake, ambavyo siku hizo vilikuwa vimeanza kukaza asubuhi.

"Mwanangu," alisema, "mifarishi mikubwa kama hii sijui kama nitaishona tena. Nataka mara hii ijulikane ni yangu."

Chapuchapu hakuhitaji kuambiwa mara ya pili. Alinunua mashine ya kukatia, kijisanduku kinachopokea maandishi kutoka kwenye kompyuta na kuyakata kwa wembe mdogo kuliko ukucha. Kwanza alijifunzia kwenye majalada ya plastiki ya mafaili ya zamani. Mashine ilizikata herufi za maneno ya lebo, yeye akazibandua na kuzipanga mezani kupima ukubwa, kisha akalitupa jalada lililobaki na matundu. Alipojiona ameiva, alihamia kwenye utando mwembamba unaoshika kitambaa kwa joto la pasi. Hapo maandishi lazima yakatwe kinyumenyume, kama yanavyoonekana kwenye kioo, ili yakigeuzwa yasomeke. Lebo ya kwanza alisahau.

Mjomba wake, fundi wa redio na pasi aliyekuwa na karakana jirani, aliishika akaisoma kwa taabu. "Huyu Akariv ni mgeni wetu? Mbona hatukuambiwa tumchinjie kuku?"

Waliangua kicheko wote. Lebo zilizofuata zilitoka safi: KAZI YA MAMA VIRAKA, herufi nyeusi juu ya kitambaa cheupe cha bafta. Mama alizigusa kwa ncha ya kidole, akatabasamu kama mtu aliyepewa picha ya mtoto wake.

Siku ya kupokea kazi ilifika lebo zikiwa bado chache na mifarishi imejaa kabatini. Mlango wa ukumbi wa maonyesho ungefungwa alasiri. Chapuchapu alitaka kuikimbiza kazi. Utando mwembamba ulikuwa umekwisha, uliobaki ni ule mnene, na kitabu cha mashine kilisema ukatwe mmojammoja. Yeye aliupandanisha tabaka tatu na kuusukuma chini ya wembe.

"Si utaisonga hiyo?" mama yake aliuliza kutoka kwenye cherehani.

"Mama, nikikata mojamoja tutakesha hapa. Niachie mimi."

Mashine ilinguruma na kukwama. Chapuchapu aliusukuma kwa kiganja mkeka unaobeba utando, kitu ndani kikalia kama karanga inayomenywa, na taa ikazimika.

Mjomba aliitwa. Alifungua vifuniko, akamulika ndani, akatikisa kichwa.

"Gurudumu la ndani limeng'oka meno, mjomba," alimwambia mpwa wake. "Pasi nafufua, redio nafufua. Huyu hata ningemtilia meno ya bandia, leo hatafuni."

Chapuchapu aliketi sakafuni akalia. Alilia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yake mwenyewe.

"Nimekuharibia, mama. Uliniambia, sikusikia. Sasa watasema tena ni kazi ya duka."

Mama Viraka alikata uzi kwa meno, akasimama. Moyo wake nao ulikuwa umeshtuka. Asiyeshtuka hapo si mtu. Lakini hakukubali kushtuka kuwe ndilo neno la mwisho.

"Nilianza kushona mashine hiyo haijazaliwa," alisema. "Futa machozi, yataiharibu bafta. Herufi zako zile za kujifunzia ulizikata kwenye nini?"

"Jalada la plastiki. Lakini nililitupa."

"Wewe ulilitupa. Mimi niliokota."

Aliliendea kapu lake, akapitisha mkono katikati ya mifuko ya suruali na vifungo, akalivuta jalada lenye matundu. Maneno yote yalikuwa pale, yamekatwa wazi na kusomeka sawasawa. Aliliweka juu ya kipande cha bafta, akachukua mkebe wa rangi ya vitambaa uliobaki alipopiga chapa mapazia, akachovya sifongo na kugonga juu ya matundu.

Walipoinua jalada, walikuta dimbwi. Rangi ilikuwa imepenya chini na kutambaa kila upande.

"Imeshindikana," Chapuchapu alisema.

"Imelowana tu," mama alimrekebisha. "Kausha sifongo kwanza. Gonga, usipake."

Kwenye kipande cha pili rangi ilitambaa kidogo, kwenye cha tatu haikutambaa. Lakini lilikuwako tatizo jingine. Herufi A ina tumbo, na R vilevile, na matumbo hayo yalikuwa yamedondoka siku ya kukata, yakaacha matundu matupu. R na kila A sasa zilitoka zimejaa rangi, na jina lenyewe limejaa A.

"Ona, mama! Zimekuwa vibanda!"

"Tena vibanda visivyo na dirisha," mjomba aliongeza.

Mama Viraka aliipeleka lebo dirishani, akaitazama kwa muda. Kisha alitunga uzi mweupe kwenye sindano. Alidunga katikati ya A ya kwanza, akafunga kifundo kidogo, akahamia ya pili. Alipomaliza, zile A na R zilikuwa zimepata macho. Chapuchapu aliikaribia, akaigusa. Vifundo vilisimama chini ya kidole chake kama punje za mchele.

"Haya," mama alisema. "Vibanda vimepata madirisha. Tufanye kazi."

Basi wakaingia kazini. Chapuchapu aligonga rangi, safari hii taratibu, akiinua jalada kwa ncha za vidole na kulifuta kila mara kabla ya kuliweka tena. Mkono ulimwasha kutaka kukimbia, akauzuia. Mjomba alikabidhiwa pasi ili akaushe rangi na kuishikisha, akalalamika kwamba amezoea kutengeneza pasi, si kuzitumikia. Hata hivyo hakuondoka. Mama alikunja pindo, akatia macho na kushonea lebo kwenye kona ya nyuma ya kila mfarishi. Vidole vilipokaza, alivichovya kwenye bakuli la maji ya moto, akavikausha kwa aproni na kuendelea. Binti yake alimwomba apumzike.

"Nitapumzika jina langu likishafika," alijibu.

Walifika ukumbini wakitoa harufu ya rangi. Foleni ilikuwa ndefu, na kwa hilo walishukuru, kwa kuwa mfarishi wa mwisho ulikuwa bado unashonewa. Mama Viraka aliushona akiwa amesimama, Chapuchapu ameubeba mabegani kama meza inayotembea, wote wakisogea kila foleni iliposogea. Aliufunga mshono wa mwisho mbele ya msimamizi.

Msimamizi aligeuza kona moja, kisha nyingine. Alilinganisha lebo chache za mashine na hizi za rangi na uzi.

"Mbona hazifanani?"

Chapuchapu alifungua mdomo, lakini mama yake alimtangulia. "Sharti linasema ziwe na jina na zishonewe. Jina lipo?"

"Lipo."

"Zimeshonewa?"

Msimamizi aliivuta lebo moja kwa ukucha. Haikusogea. Akagonga muhuri.

Kesho yake mifarishi ilitundikwa ukutani, na watu wakapita wakiitazama. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisimama mbele ya mfarishi wa zambarau, akaugeuza na kupapasa kona ya nyuma. Kidole chake kilikutana na vile vifundo, kikarudi tena.

"Kazi ya Mama Viraka," alisoma kwa sauti. "Huyu ni nani?"

Mwuzaji wa lile duka alikuwa karibu. Alikwisha kuvuta pumzi ya kujibu, kama alivyozoea, kisha naye akayaona maandishi, akaimeza.

Mama Viraka alikuwa amesimama kando, pale alipozoea kusimama siku zote. Chapuchapu alimsukuma kidogo kiunoni. Mama Viraka alipiga hatua moja mbele, mikono yake ikiwa bado na rangi nyeusi kwenye kucha.

"Ni mimi," alisema.

Alilisema kwa sauti ndogo. Yule mama alimpa mkono, na watu wawili watatu waliokuwa wakipita wakageuka kumtazama. Chapuchapu aligeukia ukuta kwa sababu machozi yalikuwa yamemshinda tena, na safari hii hakuna aliyemwambia ayafute.

Nyumbani, mashine ililala mezani bila meno, huku jalada lenye matundu limeoshwa na kutundikwa kwenye msumari juu ya kapu, tayari kwa kazi nyingine. Anayedhani Mama Viraka angekwama kwa sababu ya gurudumu moja hajamjua yeye wala hajawajua wahenga, kwani kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.