Mwanya Katika Uzio wa Mhina

Hebu Subira, weka hilo panga chini. Unataka kupanda miche pale kwenye mwanya, uzio wangu uzibe kabisa, majirani wasikuone ukianika nguo. Sawa, stara ni jambo jema. Lakini kaa kwanza nikwambie.

Hapo kale mhina haukunukia hata kidogo. Ulikuwa na majani mabichi mwaka mzima, na vimaua vyake havikuwa na harufu yoyote. Nyumba nazo hazikuwa na uzio. Mize na Mwatime walikuwa majirani na mashoga. Kikipikwa huku, bakuli linakwenda kule. Na kwa ada ya siku hizo, bakuli la mtu halikurudishwa tupu. Ilikuwa aibu kubwa mno.

Mwaka mmoja mvua ilikosa. Mize akampelekea mwenzake kunde za nazi, na bakuli halikurudi. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Mize alikuwa na kisirani, sikufichi. Akasema, “Kumbe ananidharau! Kala changu, na chombo kakikalia.” Hakwenda kuuliza. Angeuliza tu, jamani! Akachomeka vijiti vya mhina mpakani, akavimwagilia maji ya kuoshea vyombo, navyo vikashika.

Mwatime akamwita kutoka upande wa pili, “Shoga, mbona wanifungia?”

“Nataka stara yangu,” Mize akajibu, wala hakuinua uso.

Uzio ukakua hadi ukampita mtu kimo. Mize akawa anajisifu kwamba sasa anakaa kwa raha. Mvua ikakosa tena. Asubuhi moja akakumbuka kwamba hajaona moshi wa jirani juu ya mhina kwa siku nyingi. Akachukua panga, akakata mhina, akapita.

Mwatime alikuwa amelala mkekani, amekwisha kufa. Jiko lilikuwa baridi, mtungi wa nafaka hauna kitu. Karibu na kichwa chake palikuwa na bakuli la Mize, limesuguliwa likatakata, limefunikwa kawa, na ndani mna konzi moja ya kunde. Alikuwa akizikusanya punje kwa punje ili asilirudishe tupu. Na njaa yote ile, hakuzila.

Ah, Mize alilia! Alikaa kwenye ule mwanya aliokata, akalia siku saba, akimwomba radhi mtu asiyemsikia. Mhina nao, uliotumika kuwatenga, ukaona haya. Ukatoa harufu kwa mara ya kwanza, ikaenea nyumba zote mbili. Lakini Mwatime hakuinusa.

Na tangu siku hiyo mhina humnukia mwenye nyumba na jirani yake sawasawa, na kila apandaye uzio huacha mwanya wa kumpisha mtu na bakuli lake. Ile ada ya aibu tuliiacha. Tuliiacha tumechelewa.

Basi, Subira, bakuli la Mama Rukia liko jikoni kwetu tangu Ijumaa. Najua hatuna cha kutia. Lipeleke hivyo hivyo, na upite pale pale mwanyani.