Pumzi ya Nguva na Mtani Wake wa Jiweni

Paukwa!

Pakawa!

Masikio yenu yako wapi?

Yako kwako!

Yashikeni basi, yasitoroke.

Hapo zamani za kale, kwenye hori moja la bahari, aliishi nguva jina lake Mwanakombo. Mnene huyo, jamani! Akijigeuza, maji yanahama.

Ukingoni mwa hori palikuwa na jiwe lililodondokewa na maji matamu. Juu yake aliishi Kidawa, kijimea kisicho ua wala mzizi wa kujivunia, kimenata jiweni kama kipande cha ini. Pwani nzima hapakuwa na mwingine wa aina yake.

Wawili hawa walikuwa watani. Kila maji yakijaa, Mwanakombo huinua kichwa: "Wee Kidawa, huna hata tumbo! Mimi nikilala, samaki wanadhani kisiwa."

"Lala tu, bibi. Mimi tone moja lanitosha, wewe unamaliza majani ya hori zima na bado una njaa!"

Basi watacheka hao!

Kikaja kiangazi kikali. Tone likakatika. Maji yakajaa, Mwanakombo akainua kichwa: "Wee Kidawa, huna hata tumbo!"

Kimya.

Akaita tena. Kimya. Akaita mara ya tatu. Kidawa amejikunja, mkavu, mweusi. Mwanakombo akaingiwa na hofu, maana mtani hanyamazi ila amekufa.

"Anataka maji," akasema, "nami nina bahari nzima!" Akainua mkia apige wimbi.

Kaa akachomoza kwenye ufa wa jiwe. "Mama wee, acha! Hayo ya chumvi, utamuua!"

Mkia ukashuka polepole. Bahari yote ile, na hana tone la kumpa rafiki yake. Akalia, masikini. Akasogea, pua ikagusa jiwe, akashusha pumzi: fuuu!

Jiwe likapata unyevu. Kaa akalionja. "Unyevu huu hauna chumvi! Pumua tena, mama!"

Pumueni naye, wanangu. Fuuu! Akazama, akaibuka. Fuuu! Kila maji yakijaa alikuja, hata malisho ya mbali akayaacha, akakonda. Fuuu!

Siku moja ukingo wa jani la Kidawa ukafunguka, kijani kibichi. Kisauti kikatoka: "Bibi, mdomo wako unanuka majani."

Mwanakombo alicheka huku analia. "Nitukane tena, Kidawa. Nitukane!"

"Na umekonda. Samaki watakiona wapi kisiwa?"

Tangu siku hiyo nguva akiibuka hushusha pumzi kwa nguvu, hata pasipo jiwe. Anamsalimu mtani wake.

Mmesikia, wanangu? Ukitaka kumfaa mwenzako, usimpe kile ulichonacho tele. Mtazame kwanza anahitaji nini, hata kama ni pumzi tu.

Hadithi yangu imeketi hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe.